Usimchagulie Njia: Kupima Uelewa wa Fizikia Mwaka wa Tatu

Chukua mtihani wa umeme-sumaku wa mwaka wa tatu, usome swali la kwanza. Mara nyingi linaanza hivi: "Kwa kutumia sheria ya Gauss, onyesha kwamba uga wa umeme nje ya tufe lenye chaji Q ni…", kisha fomula inafuata. Mtunzi amekwisha kumaliza kazi mbili zilizokuwa za mwanafunzi: amemchagulia njia na amempa jibu. Zimebaki hatua nne au tano za hesabu ambazo kijana amezinakili tangu mwaka wa kwanza kutoka kwenye madesa ya steshenari, na anaweza kuziandika huku akiwaza daladala ya kurudi Mbagala. Atapata alama zote 15, nasi tutaandika kwenye taarifa ya kozi kwamba wanafunzi wanaielewa sheria ya Gauss.

Nawaandikia wenzangu wanaofundisha kozi za juu za fizikia Mlimani, Chang'ombe na Chuo Kikuu Huria pale Kinondoni, pamoja na wahadhiri wasaidizi wanaobeba mzigo mkubwa wa kusahihisha. Ushauri wangu ni huu: katika kozi za juu, uelewa wa mwanafunzi huonekana kwenye uamuzi anaoufanya kabla ya kuanza kukokotoa, na kwenye ukaguzi anaoufanya baada ya kumaliza. Tukipima ukokotoaji ulio katikati peke yake, tunapima wepesi wa mkono. Ukokotoaji una thamani yake, na simtetei mwanafunzi asiyejua kuintegreti. Lakini kwa miaka mingi tumeuachia nafasi yote.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake wawili kule Arizona, Marekani, walichapisha jaribio la maswali ya kuchagua jibu kuhusu kani na mwendo. Halikuwa na hesabu hata moja. Linauliza, kwa mfano, lori linapogongana na gari dogo, lipi linamsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi. Eric Mazur wa Harvard aliwapa wanafunzi wake jaribio hilo akidhani watalimaliza bila jasho. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu kwa namna walivyofundishwa au kwa namna anavyofikiri yeye mwenyewe siku zote. Matokeo yalimshtua Mazur kiasi cha kubadili ufundishaji wake wote. Mwaka 1998 Richard Hake akakusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 na kuonyesha kwamba madarasa ya mhadhara mtupu yalivuna karibu robo tu ya uelewa uliokuwa bado haujapatikana mwanzoni mwa kozi. Madarasa ambayo wanafunzi walibishana na kujadiliana yalivuna karibu nusu.

Wengi wetu tukisikia habari hizo tunajifariji kwamba ni mambo ya mwaka wa kwanza. Tunadhani aliyefika kwenye milinganyo ya Maxwell na mekanika ya kwanta amekwisha kuchujwa. Utafiti umetukatalia. Chandralekha Singh wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh amefuatilia kwa miaka namna wanafunzi wanavyoelewa kwanta, na amekuta makosa yaleyale ya msingi yakiendelea hadi kwa wanafunzi wa shahada za juu. Kule Boulder, Colorado, Stephanie Chasteen, Steven Pollock na wenzao walitengeneza jaribio la umeme tuli kwa wanafunzi wa miaka ya juu. Kwenye sehemu kubwa ya jaribio hilo mwanafunzi anaelekezwa asikokotoe. Anapewa hali fulani, anaambiwa ataje njia atakayotumia na aeleze kwa nini. Naliona wazo hilo kuwa la maana kuliko mengine yote katika uwanja huu, na halihitaji bajeti. Unaweza kulitumia Jumatatu ijayo.

Niingie ndani ya swali moja ili tuone linavyofanya kazi.

"Mchemraba wenye upande wa sentimita 10 umejazwa chaji kwa usawa ndani yake yote. Tunataka uga wa umeme kwenye nukta iliyo sentimita 3 juu ya uso wake mmoja. Usikokotoe. Sema utatumia njia gani, kwa nini inafaa, na jibu litafanana na nini ukienda mbali sana na mchemraba."

Majibu huja kwa makundi matatu. La kwanza ni la mwanafunzi anayeandika kwa haraka na kujiamini: atachora mchemraba mkubwa zaidi kuuzunguka huu, azidishe uga kwa eneo la nyuso zake sita, asawazishe na Q gawanya kwa epsiloni sifuri. Amemaliza. Huyu anaijua sheria ya Gauss kama fomula ya kupachika namba. Haoni kwamba amedhani uga ni uleule katika kila nukta ya uso, jambo ambalo hakuna aliyemwahidi.

Kundi la pili linaandika kwamba sheria ya Gauss haifanyi kazi hapa kwa sababu hakuna ulinganifu wa kutosha. Ukisahihisha kwa uchovu saa nne usiku utaweka vema na kupita. Simama kidogo. Sheria ya Gauss inafanya kazi kwenye mchemraba, kwenye kiazi, na kwenye wingu la chaji lisilo na umbo. Mwanafunzi huyu ameshika onyo la mhadhiri, "angalia ulinganifu", bila kushika linaonya nini.

La tatu ni dogo. Linasema jumla ya mtiririko wa uga kupitia uso wowote unaouzunguka mchemraba ni Q gawanya kwa epsiloni sifuri, hilo halina ubishi. Ila uga unabadilika kutoka katikati ya uso kwenda kwenye kona, kwa hiyo hatuwezi kuutoa nje ya integrali. Tutarudi kwa Coulomb, tuintegreti juu ya ujazo wote, au tutumie kompyuta. Na mbali sana mchemraba utaonekana kama chaji moja ya nukta, uga ukipungua kwa mraba wa umbali. Mara chache anatokea anayeongeza kwamba dipoli na kwadrupoli za mchemraba, zikipimwa kutoka katikati yake, zote ni sifuri, kwa hiyo ile sura ya kona kona inafifia haraka mno ukienda mbali. Huyo mwite ofisini, zungumza naye kuhusu shahada ya uzamili.

Angalia kilichotokea. Wanafunzi wa makundi yote matatu wangepata 15 kati ya 15 kwenye swali la tufe. Mtihani wa zamani haukuweza kuwatofautisha, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Mhadhiri anayesoma majibu haya anajua pia cha kufundisha wiki inayofuata, kwa sababu kosa la kundi la kwanza na la kundi la pili yanataka dawa tofauti.

Kwenye sehemu nyingine za silabasi, maswali ya aina hii yanajitokeza ukijiuliza mahali ambapo hesabu inaweza kwenda sawa huku picha kichwani imekosewa. Kwa sheria ya Faraday, chora solenoidi ndefu sana ambayo mkondo wake unaongezeka taratibu, na pete ya waya iliyoizunguka kwa mbali. Uga wa sumaku nje ya solenoidi ni sifuri, na pete iko nje. Kwa nini mkondo unapita kwenye pete, na nini kinazisukuma elektroni zake? Mwanafunzi anayeweza kutafuta emf kwa mistari miwili atakaa kimya hapa, kwa sababu hajawahi kuhitaji kufikiri kwamba ni uga wa umeme, unaozunguka hata pale penye sumaku sifuri, ndio unaofanya kazi. Kwa kwanta, weka elektroni kwenye kisima chenye kuta zisizopenyeka. Tumepima nishati tukapata ya ngazi ya pili. Baada ya hapo tukapima mahali ilipo, na papo hapo tukapima tena nishati. Je, ni lazima tupate ngazi ya pili? Atakayejibu ndiyo kwa hoja ya uhifadhi wa nishati amekuonyesha kitu ambacho kurasa tatu za kutatua mlinganyo wa Schrödinger zisingekuonyesha.

Maswali mengine yapo mtaani. Transfoma iliyo juu ya nguzo Tandika au Tegeta inavuma usiku kucha. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mwanafunzi mwenye simu anaweza kupakua programu ya phyphox, inayotolewa bure na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, akapima mvumo huo na kuona kilele chake kikubwa kwenye hezi 100. Kwa nini mara mbili? Jibu linamtaka ajue kwamba chuma cha ndani hubadilika urefu kidogo kinaposumakishwa, na kwamba mabadiliko hayo hayajali sumaku imeelekea upande gani, kwa hiyo yanatokea mara mbili katika kila mzunguko. Hakuna kitabu cha kunakili sentensi hiyo neno kwa neno, na mwanafunzi wa Mbagala ameusikia mvumo huo tangu utotoni.

Tuna pia swali letu wenyewe ambalo dunia nzima inalijua kwa jina la Mtanzania, na nashangaa jinsi tunavyolitumia kidogo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa, wakiyachanganya na sukari na kuyagandisha kupata aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, naye akaingiza mchanganyiko wake ungali moto. Uliganda kabla ya ule wa mwenzake ulioingia bila kuchemshwa. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, na wakiwa wamesoma sheria ya Newton ya kupoa, aliuliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Kisha akaja kutoa mhadhara Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba akamuuliza mbele ya wenzake waliomcheka: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo sawa, friji moja, yale ya 100 yanatangulia kuganda, kwa nini? Osborne aliahidi kwenda kujaribu. Huku Dar fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alirudi na taarifa kwamba maji ya moto yametangulia kweli, akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Mpemba na Osborne walichapisha makala yao mwaka 1969, wakati Mpemba akiwa amekwenda kusoma Mweka, chuo cha wanyamapori.

Kwa mtu anayepima uelewa, kisa hiki ni hazina. Mwalimu wa Mkwawa alikuwa na fomula sahihi na mwanafunzi alikuwa na jambo aliloliona kwa macho. Kwa sheria ya Newton hoja ya mwalimu haina tobo: ili maji ya nyuzi 100 yagande lazima yapitie 35, na yakifika hapo yatakuwa nyuma ya yale yaliyoanzia hapo. Basi mpe mwanafunzi wa thermodinamiki wa mwaka wa tatu swali hili: "Tuseme Mpemba aliona sawasawa. Ni dhana ipi ndani ya hoja ya mwalimu ambayo lazima iwe imevunjika?" Jibu zuri linagundua kwamba hoja nzima imesimama juu ya dhana kuwa namba moja, halijoto, inatosha kuieleza hali ya maji. Maji yaliyoanza moto yakifika nyuzi 35 huenda yamepungua kwa mvuke, huenda yanazunguka ndani kwa nguvu zaidi, huenda yamepoteza hewa iliyoyeyuka, na huenda chombo chake kimeyeyusha barafu ya friji chini yake kikakaa karibu zaidi na baridi. Halafu kuna swali la pili: "Sasa tuseme hakuona sawasawa. Kosa la upimaji lingetoka wapi?" Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya nchini Uingereza, hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwa maji, na walionyesha kwamba hata kusogeza kipimajoto sentimita moja kunaweza kuzaa tofauti ya uongo. Wengine nao, mwaka 2020 kule Kanada, waliona jambo linalofanana nalo kwa uwazi kwenye punje ndogo sana zinazoelea ndani ya maji. Mjadala bado uko hai. Mwanafunzi anayeweza kuzitetea pande zote mbili kwa hoja za fizikia ameelewa thermodinamiki kuliko aliyekariri mzunguko wa Carnot.

Hapa niwatahadharishe na mtego mmoja, kwa sababu nauona ukiwanasa watu wenye nia njema. Mhadhiri akishawishika kupima uelewa, hukimbilia kuandika "Jadili maana ya kifizikia ya milinganyo ya Maxwell, alama 20." Linaonekana swali la uelewa. Ndani ya mihula miwili litakuwa na jibu lake la kurasa mbili kwenye kila steshenari ya Changanyikeni, na wanafunzi watalimwaga kama walivyomwaga ule uthibitisho wa tufe. Swali la uelewa linahitaji hali mahususi, kitu ambacho kinaweza kutokea hivi au vile, na mwanafunzi alazimike kuchagua. Vilevile usidhani kupima dhana ni kukimbia hesabu. Katika kozi za juu dhana zenyewe zimevaa hesabu. Mpe mlinganyo uliokamilika, umuulize sehemu ya pili ya mlinganyo itafanya nini halijoto ikikaribia sifuri, au alama ya kutoa ikigeuzwa kuwa ya kujumlisha ni tabia gani ya mfumo itabadilika. Mpe majibu matatu ya wanafunzi wa kubuni kwa swali gumu, mawili yakiwa na makosa, umwambie ayakamate bila kutatua, kwa kukagua vizio tu na kwa kuangalia hali za kikomo. Ustadi huo ndio utakaomfaa akienda kazini Ocean Road kupima dozi za mionzi ya wagonjwa wa saratani, ambako kompyuta inatoa namba na mtu anapaswa kujua namba isiyoaminika anapoiona.

Lugha nayo ina uzito wake kwetu. Tunafundisha na kutahini kwa Kiingereza. Lakini pita kwenye vimbweta jioni usikilize: ubishi wa kweli wa fizikia unaendeshwa kwa Kiswahili, maneno ya kitaalamu yakichomekwa humo humo. Kijana anayeandika Kiingereza cha kuvunjikavunjika anaweza kumweleza mwenzake kwa usahihi kwa nini uga hautoki nje ya integrali. Mtihani unaodai aya ndefu za Kiingereza unaweza kumpima insha, ukadhani umempima fizikia. Kwa hiyo, kwenye karatasi, dai michoro, mishale, grafu za kuchora kwa mkono, kupanga hali nne kutoka kubwa hadi ndogo, na sababu ya sentensi mbili. Usikate alama kwa sarufi. Na kwenye mahojiano ya ana kwa ana mwache aongee lugha itakayomtoa mawazo.

Mahojiano hayo nayapendekeza kwa moyo wote pale darasa linapokuwa la watu 30 au 40, kama kozi nyingi za mwaka wa tatu zilivyo. Waite wawili wawili, dakika kumi ubaoni, swali moja ambalo hawajaliona. Uliza "kwa nini?" mara mbili baada ya kila jibu, hata kama jibu ni sahihi, la sivyo watajifunza kwamba "kwa nini?" ina maana wamekosea. Andika alama papo hapo wakishatoka, kabla sura zao hazijachanganyika na za waliofuata. Uwe mwangalifu na mwanafunzi mkimya. Wasichana ni wachache kwenye madarasa haya, na nimeona mara kwa mara mwenza mwenye sauti akibeba maelezo yote huku aliyeelewa zaidi ameshika chaki tu. Mgeukie yule mwingine, mpe swali lake.

Darasani kwenyewe huhitaji vifaa vya umeme. Kata kadi za manila za rangi nne, kila mwanafunzi awe na seti yake. Weka swali lenye machaguo manne, wape dakika mbili kimya, kisha wote wainue kadi kwa wakati mmoja wakiwa wamezishikilia kifuani ili wasichunguliane. Waliopata wakiwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili, waambie wabishane na jirani, kisha wainue tena. Wakiwa wachache zaidi ya hapo, rudi ufundishe. Wakiwa wengi zaidi, songa mbele. Umeme ukikatika katikati ya kipindi kazi inaendelea.

Machaguo yasiyo sahihi usiyatunge kichwani. Yachukue kwenye karatasi za wanafunzi. Kabla maboksi ya mitihani ya mwaka jana hayajaingia stoo, pitia karatasi ishirini, nakili makosa kwa maneno yaleyale waliyoandika, bila majina. Kosa lililoandikwa na mwanafunzi wa Dar linamvutia mwanafunzi wa Dar, na chaguo lisilomvutia mtu limepoteza nafasi.

Kusahihisha ndiko wengi wanakoogopa, wakidhani maswali haya hayana haki kwa sababu kila msahihishaji ataamua lake. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni mwongozo wa alama ulioandikwa kabla ya mtihani. Kwa swali la mchemraba mimi natoa alama 3 kwa njia, 4 kwa sababu na 3 kwa hali ya mbali. Aliyechagua njia mbaya lakini akatoa hoja inayoendana na alichokichagua anapata kitu kwenye sababu. Kisha wasahihishaji wawili wachukue karatasi kumi zilezile, kila mmoja peke yake, walinganishe. Mnapotofautiana, rekebisheni mwongozo, msimlaumu mtu. Baada ya hapo kazi inakwenda haraka kuliko kusahihisha kurasa za integrali, maana majibu ni mafupi.

Usianzie kwenye mtihani wa mwisho. Huo unapitia kwa mhakiki wa ndani na mtahini wa nje, na wanafunzi wana haki ya kutoshtukizwa na aina mpya ya swali kwenye karatasi inayoweza kuwapeleka sapu. Anzia kwenye kazi za muhula, zile alama 40 ambazo kwa kawaida ziko mikononi mwako. Test ya kwanza iwe na swali moja la "usikokotoe", ya pili mawili, na yote yawe ya aina ambayo wamekwisha kuizoea kwa kadi. Muhula unaofuata ukipeleka robo ya mtihani wa mwisho kwenye maswali hayo utakuwa na ushahidi wa kumwonyesha mhakiki, na wanafunzi hawatakuwa na la kulalamika.

Kuhusu maswali kuvuja kwenda steshenari, msimamo wangu ni kwamba yavuje. Mwanafunzi aliyejadili hali hamsini tofauti za sheria ya Gauss akiandamwa na "kwa nini" amejifunza, hata kama alianza kwa nia ya kukariri. Wewe badilisha hali: mchemraba uwe silinda fupi, chaji iwe juu ya uso tu, nukta iingie ndani. Kitu kimoja tu ndicho cha kufungia kabatini, nacho ni jaribio unalowapa wiki ya kwanza na kulirudia wiki ya mwisho ili kupima kozi yako mwenyewe. Kwa hilo kusanya karatasi zote, hesabu ulizogawa na zilizorudi. Ukokotoe kama Hake: kilichoongezeka gawanya kwa kilichokuwa kimebaki. Darasa lililoanza na wastani wa asilimia 40 likamaliza na 55 limepata 15 kati ya 60, yaani 0.25. Alama hiyo isiingie kwenye matokeo ya mwanafunzi hata chembe, maana inakupima wewe.

Kwa wenzangu wa Chang'ombe nina ombi la ziada. Tangu chuo chenu, DUCE, kilipoanzishwa mwaka 2005, wahitimu wake wengi wa fizikia wanakwenda moja kwa moja kusimama mbele ya madarasa ya sekondari. Mwalimu anayejua uthibitisho bila kujua unasimama juu ya dhana gani atamjibu mwanafunzi kama Mpemba alivyojibiwa, tena bila ubaya wowote moyoni, kwa kuwa hana kitu kingine cha kumpa. Basi kwenye kozi zenu ongezeni swali la aina hii: "Mwanafunzi wa kidato cha tano amesema hivi. Ana haki wapi, amekosea wapi, na ungemfanyisha jaribio gani kesho yake kwa vifaa vilivyopo shuleni?" Lipeni alama nzito sawa na swali lolote la integrali.

Mwisho kabisa kuna suala la kurudisha karatasi. Test iliyorudi baada ya wiki sita imekufa. Rudisha ndani ya wiki moja, hata kama umesahihisha swali la uelewa peke yake na mengine yanafuata. Tumia nusu ya kipindi hicho kuandika ubaoni majibu matatu yaliyojitokeza zaidi, bila majina, uliulize darasa zima kila jibu linadhani nini. Kisha wape swali lilelile kwa hali nyingine, dakika tano, kwenye nusu karatasi, uzikusanye mlangoni wakitoka.